Watu Sitini na Watatu wa Chama cha Alhamisi

Rumonge, mwezi wa pili, tarehe 6, mwaka 1909

Kwa dada yangu Mwamini binti Ramazani, aliyeko Ujiji, na kwa kila mtu wa Ujiji mwenye masikio,

Inatangazwa, na iwe wazi kwa wakubwa na wadogo, kwa watu wa ufukweni na watu wa milimani, kwamba tangu juzi Jumatatu, baada ya swala ya alasiri, kiti cha Mkubwa wa Chama cha Alhamisi kina miguu minne.

Hapo nyuma kilikuwa na mitatu na jiwe. Adui zetu wa Chama cha Jumanne walilitumia jiwe hilo kutusema. Sasa watafute jingine.

Nakujulisha pia, dada, kwamba chama kimekua. Hesabu yake ni watu sitini na watatu. Si hesabu ya mdomoni, imeandikwa kwa wino. Wewe mwenyewe ni namba moja, maana ndiye uliyenilea na sikuona haya kukutanguliza. Naomba basi ukiniandikia usiweke tena juu ya barua "Asmani muuza mawese". Weka "Mkubwa wa Chama". Mawese nauza bado, Jumatatu hiyohiyo nimeuza mitungi sita, lakini si lazima barua ijue.

Orodha ya watu nimeipeleka Usumbura kwa Bwana Mkubwa wa boma, pamoja na ombi letu kwamba soko la Rumonge liwe siku ya Alhamisi na lisiwe Jumanne, mpaka mwisho wa dunia. Nangoja jibu nikiwa nimekaa.

Wifi yako Zena anakusalimu.

Ndugu yako mdogo,
Asmani bin Ramazani,
Mkubwa wa Chama cha Alhamisi

Pembe ya mwandishi: Mimi Hamissi, fundi cherehani, niliyeandika haya kwa kuambiwa, nakusalimu Bibi Mwamini. Mwenye barua hajui kusoma, kwa hiyo pembe hii ya karatasi ni yangu. Mguu mpya wa kiti ni wa mchikichi. Umekulia kwenye michikichi, unajua mti ule ndani yake ni nyuzi tu. Nimemwomba asikae kwa kishindo.


Ujiji, mwezi wa pili, tarehe 19, 1909

Fundi Hamissi,

Barua hii ni yako, usimsomee. Ya kwake imo ndani ya mfuko wa chumvi. Nimemwita Mkubwa kama alivyotaka, mara tatu, moyo wake utulie.

Sasa wewe uniambie kweli. Ndugu yangu nimembeba mgongoni tangu mama yetu alipofariki, na tabia yake ya kuongeza naijua. Alipokuwa na miaka saba alivua mukeke mmoja, akarudi nyumbani anasema ishirini wamemkimbia. Awe na watu sitini au sita, hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni karatasi. Tangu vita vile vya kusini Wadachi wa boma hawataki kusikia neno chama. Hapa kwetu waliwachukua vijana wa ngoma kwa sababu walivaa kofia za namna moja, wakaulizwa amiri wenu nani. Vijana walikuwa wanacheza arusini. Wengine walitoka baada ya siku tisa. Mmoja alipelekwa pwani kwa mnyororo, na mama yake bado anamwekea chakula.

Kwa hiyo nijibu: hao sitini na watatu ni akina nani, na karatasi inasema nini hasa? Mtumbwi wa chumvi unarudi upesi, usiuache uje mtupu.

Mwamini binti Ramazani


Rumonge, mwezi wa tatu, tarehe 2, 1909

Bibi Mwamini,

Chumvi imefika salama, na barua ya ndani ya mfuko nimemsomea. Nilipofika kwenye Mkubwa wa tatu alinisimamisha, akaniomba nianze upya, kwa sababu Zena alikuwa jikoni na hakusikia vizuri.

Umetaka kweli. Nitakupa niliyo nayo. Mimi ni fundi, nimezoea kuwapima watu wakiwa wamevuta pumzi na kukata kitambaa kwa kipimo cha kweli wakishaondoka.

Ndugu yako aliingia katika uongozi miaka minne iliyopita, bila kukusudia. Shafii mchuuzi wa samaki alisimama nje ya msikiti akasema soko letu lingefaa kuwa Jumanne, kwa sababu ndagala, samaki wake wadogo, hukauka Jumapili na Jumatatu. Asmani alikuwa anapita na mtungi kichwani. Akasema Alhamisi ni bora, maana watu wa Kizuka huteremsha mawese Jumatano. Watu wawili wakasema ndiyo. Kama wale wawili wangenyamaza, leo angekuwa na mawese yake tu. Mmoja wao amehamia Kigwena. Wa pili ni mimi.

Tangu hapo amehutubia mara kumi na moja, na mara saba mvua ilimkatiza. Mwaka juzi alimtaka Shafii wacheze bao, atakayeshinda achague siku. Shafii akashinda, Asmani akasema bao si sheria. Wanacheza mpaka leo kila alasiri nyuma ya nyumba ya Shafii. Mbele za watu hawasalimiani, kwa ajili ya vyama vyao, lakini sijaona Rumonge watu wawili wanaotafutana kama hao.

Sasa hao sitini na watatu. Unakumbuka arusi ya Kadidja, binti wa Asmani na Zena, ile uliyoshindwa kuja kwa sababu ya goti lako. Desturi yetu unaijua: mgeni akishakula hatoki mikono mitupu, anapewa sahani iliyofunikwa awapelekee waliobaki nyumbani. Sahani zenyewe Zena aliziazima kwa nusu ya mji. Naye ni binti wa Kizuka, hapendi kitu cha mtu kipotelee mikononi mwake. Akaniweka mlangoni na karatasi. Niliandika jina la anayetoka, na mbele ya jina idadi ya sahani alizobeba. Majina yalifika sitini na matatu, sahani tisini na moja. Wewe ni namba moja kwa sababu ya kwanza kutoka ilikuwa yako, ilikuja Ujiji kwa mtumbwi. Zena anauliza kama ilifika, na kama imeoshwa.

Asmani aliikuta karatasi ile nyumbani, akaniuliza inasema nini. Nikamwambia ni majina ya watu. Akauliza kama watu hao walikula kwake. Nikasema walikula. Akafikiri kidogo, akasema, "Mutu aliyekula kwako, huyo iko wako." Kichwa cha karatasi kikabadilishwa, nayo ikaenda Usumbura.

Usiwe na hofu. Bwana Mkubwa hana nafasi ya kusoma kila karatasi inayomfikia. Jumamosi nilipotoka sokoni na fungu langu la ndagala nilimwambia Asmani hivyohivyo. Akaninunia mpaka jana.

Hamissi, fundi


Rumonge, mwezi wa tatu, tarehe 15, 1909

Dada yangu,

Nimeitwa. Askari wawili wamekuja na karatasi yenye mhuri, inanitaka mimi kwa jina langu na la baba yetu. Hawakunieleza sababu, nami sikuuliza, maana mtu anayeitwa kwa mhuri haulizi. Walisema upesi. Hapo nikaelewa kwamba jambo ni kubwa. Nadhani nitafanywa akida. Kama nafasi ya akida ina mtu, nitakubali kuwa jumbe.

Nakwenda na kiti changu. Niliwauliza askari kama inaruhusiwa. Wakatazamana, wakasema hawajasikia mtu aliyekatazwa. Nimevaa kanzu mpya na ile kofia uliyonitumia.

Shafii alikuja ufukweni kutazama. Hakupunga mkono. Wivu umemkaa usoni.

Ukinijibu, jibu Usumbura, bomani, watanijua.

Mkubwa wa Chama,
Asmani bin Ramazani

Pembe ya mwandishi: Haukuwa wivu, Bibi. Shafii alikuwa analia. Wale askari walikuja na kamba, wameiweka chini ya mkeka wa mtumbwi, na ndugu yako ameikalia.


Rumonge, mwezi wa tatu, tarehe 24, 1909

Bibi Mwamini,

Wapiga kasia wamerudi bila yeye. Nitaandika moja kwa moja, nikipamba nitashindwa kumaliza.

Amefungiwa bomani. Ile karatasi imesomwa. Karani wa pale aliona juu yake "Watu wa Chama cha Alhamisi", chini majina sitini na matatu, na mbele ya kila jina moja, au mbili, na Shafii tatu. Akamwambia Bwana Mkubwa kwamba hizo ni bunduki. Watu sitini na watatu, bunduki tisini na moja, na siku yao ni Alhamisi. Kwao inasomeka kama vita vilivyokwisha pangwa. Bwana Mkubwa amesema bunduki zitolewe zote kabla mwezi wa nne haujaisha. Zisipotoka, Asmani anapelekwa pwani kwa mnyororo, na baada yake wengine wa orodha.

Bunduki hazipo, hilo unalijua. Rumonge nzima ina moja, ni ya mzee aliyetoka Kigwena, na kuku wanalala juu yake.

Sasa lile nililokuficha. Niliandika kwamba kichwa cha karatasi kilibadilishwa, kana kwamba kilijibadilisha. Mimi ndiye niliyekibadilisha. Juu paliandikwa "Sahani zilizotoka kwa Zena siku ya arusi". Nilimsomea Asmani neno Zena tu, akasema, kata hapo, hapana heshima. Nikachukua mkasi wangu nikakata utepe mmoja, safi, kama unavyokata upindo, na juu ya yaliyobaki nikaandika jina la chama. Nilicheka nilipokuwa nakata. Niliona ni mchezo wa watu wawili wasio na kazi.

Mwandiko ni wangu. Wakiuliza nani kaandika, kamba ya pili ni yangu. Nakuambia kwa sababu siku tisa hizi nimekuwa nikishona na kufumua shati lilelile.

Hamissi


Ujiji, mwezi wa nne, tarehe 3, 1909

Hamissi,

Nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa hasira na ya pili kwa akili. Jibu la hasira nimelichoma jikoni, hili ni la akili.

Utepe huo unao. Usiniambie umetupa. Fundi hatupi kipande, hata cha karatasi, kinakaa mahali kinangoja kola. Kitafute. Ukikiweka juu ya orodha, mkato utalingana na mkato, na mtoto mdogo ataona kwamba zilikuwa sahani.

Najua kitakufichua wewe pia. Sikulazimishi, mimi niko mbali na shingo si yangu. Nakuambia tu kwamba mtoto niliyembeba mgongoni amekalia kamba yake mwenyewe akidhani ni mto.

Nimemwandikia pia yeye huko bomani. Nimemwomba jambo moja, aseme yeye ni mtu mdogo, muuza mawese, hana watu. Akisema hivyo watamwacha. Ni neno la kupumua mara moja. Naogopa hatalisema.

Mwamini


Usumbura, bomani, mwezi wa nne, tarehe 12, 1909

Dada,

Anayeniandikia ni mwalimu wa chuo tuliyefungwa pamoja, yeye kwa habari ya ng'ombe. Namlipa kwa kusikiliza habari ya ng'ombe.

Barua yako nimesomewa. Dada, unaniomba kitu gani? Bwana Mkubwa ameniuliza mara nne, una watu wangapi. Mara nne nimesema sitini na watatu. Ya mwisho karani mwenyewe aliinama akaniambia polepole, labda ni thelathini? Labda ni kumi? Nikamwambia mtu anaweza kupunguza bei, watu hapunguzi.

Waliniuliza hesabu zilizo mbele ya majina ni za nini. Hapo nitakuambia wewe peke yako, na mwalimu huyu ameapa kusahau. Sikujua. Karatasi ile kwangu ni mchanga uliopitiwa na kuku. Ningesema sijui, wangejua Mkubwa wa Chama hasomi. Nikasema ni nguvu ya kila mtu. Karani akatikisa kichwa akaandika. Tangu siku ile wananiangalia kwa namna nyingine. Nilidhani ni heshima.

Sasa naona si heshima. Lakini nikisema leo kwamba sina mtu, nitarudi Rumonge nikiwa nani? Miaka hamsini na moja, dada. Sikupata elimu, sikupata mali, mtoto wa kiume sikupata. Nilipata Alhamisi.

Kiti wamenichukulia. Karani anakikalia.

Asmani


Rumonge, mwezi wa nne, tarehe 21, 1909

Bibi Mwamini,

Kaa kwanza. Kisha usome bila kuruka mstari, nitakueleza kwa mpango wake.

Jumapili, soko limejaa watu, mashua ya boma ilifika na askari kumi. Mkubwa wao ni Shaushi Bakari, yule mrefu ambaye hupita hapa na safari za Bwana Mkubwa. Amekuja kuchukua bunduki tisini na moja, na amebeba orodha. Yeye hasomi Kiswahili cha wino. Akauliza nani anaweza kumsomea. Watu wote wakanitazama mimi, bila huruma hata kidogo. Basi nikapewa karatasi niliyoiandika, niwasomee watu niliowaandika, mbele ya mtu aliyekuja kuwafunga.

Tukaanza nyumba kwa nyumba. Wewe, namba moja, nikasema yuko Ujiji. Namba mbili amehama. Namba tatu ni Shafii.

Shaushi akasema, "Shafii. Tatu. Toa."

Shafii akavua kofia. Akasema yeye si mtu wa Asmani, yeye ndiye adui yake, aulizwe yeyote, miaka minne wanapingana. Shaushi akamwambia kwamba adui hawi namba tatu. Akainua mkono askari waingie ndani.

Hapo akatokea Zena. Alikuwa anatufuata tangu ufukweni, na kikapu kichwani, nami sikujua kwa nini. Akapita katikati ya askari kama anayepita katikati ya mbuzi, akasimama mlangoni.

"Shafii," akasema, "mimi nangoja tangu arusi. Tatu. Mbili ya bluu na moja ya maua."

Shafii akaingia ndani mbio. Akatoka na sahani tatu, mbili za bluu na moja ya maua. Zena akazigeuza, akazikagua chini, akazitia kikapuni.

Shaushi alitazama karatasi, akatazama kikapu. Tukaenda namba nne. Nikasoma, "Moja." Zena akasema, "Moja, ya mbao." Ikatoka moja, ya mbao. Namba tano, mbili. Zikatoka mbili. Namba sita alikuwa amevunja yake, akatoa vipande na akaomba radhi kwa Zena, wakati bunduki ya askari iko mgongoni mwake.

Kufika namba ishirini askari walikuwa wanacheka wenyewe, na wawili wanamsaidia Zena kubeba. Watu wakaanza kutoka na sahani kabla ya kuitwa. Mjane mmoja ambaye hakuandikwa alileta ya kwake ili asionekane ametengwa. Shaushi peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa ananihimiza nisome, nisome, kama mtu anayetafuta mahali pa kushuka.

Nami nilikuwa najua namba arobaini na moja ni nani. Nilijua tangu nyumba ya kwanza.

Nilipofika hapo nikaanza kukunja karatasi. Akaniambia soma. Nikamwambia mwanga umepungua. Ilikuwa saa saba mchana. Akaniambia tena soma, kwa sauti ya boma.

Nikasoma, "Shaushi Bakari wa Usumbura. Mbili."

Bibi, sijasikia soko la Rumonge likinyamaza namna ile, hata ndagala walisikika kukauka. Shaushi alikuwa amepita siku ya arusi na safari yake, akala, akapewa za kumpelekea mke wake. Nilimwandika kama nilivyowaandika wote, na karani wa boma, nadhani, alihesabu mistari bila kusoma majina yote.

Zena akamtazama juu, maana ni mrefu. "Za bluu zote mbili," akasema. "Amahoro, amani kwa mama wa nyumbani. Mwambie nazitaka."

Shaushi akaagiza askari wapumzike, akaja nami dukani peke yake. Akakaa juu ya meza yangu ya kukatia. Akauliza nani ameandika orodha hii. Nilikuwa nimekwisha kuutafuta ule utepe, kama ulivyosema. Ulikuwa kwenye kopo la vifungo. Nikautoa, nikaulaza juu ya karatasi, mkato juu ya mkato. Nikamsomea maneno yake. Nikasema, "Mimi ndiye niliyeandika, na mimi ndiye niliyekata. Asmani hajui kusoma hata jina lake."

Akapitisha kidole juu ya mkato. Kisha akaniuliza kama ninaweza kuandika ile orodha upya, yote, pamoja na kichwa chake cha kwanza cha sahani, kwa mwandiko uleule, bila mtu wa arobaini na moja. Nikamwambia naweza. Akaniambia niandike basi, mashua inangoja.

Ile ya zamani tuliichoma kwenye pasi yangu ya makaa, na utepe pia. Akaondoka na mpya, na vipande vya sahani ya namba sita kama ushahidi. Atamweleza Bwana Mkubwa kwamba karani hakuletewa karatasi nzima.

Ndivyo ilivyo mpaka leo jioni. Bado hatujamwona Asmani. Lakini nimekula ugali leo, nikala na wa pili.

Hamissi


Rumonge, mwezi wa tano, tarehe 8, 1909

Kwa dada yangu Mwamini,

Nimerudi. Walinirudisha kwa mashua ya boma, na si kila mtu anarudishwa kwa mashua ya boma. Bwana Mkubwa aliniita mara ya mwisho. Karani alimsomea karatasi mpya, kisha wakazungumza Kidachi kwa muda, na Bwana Mkubwa akafunika uso kwa mkono. Halafu akaniuliza kwa mara ya tano, una watu wangapi.

Dada, nilikuwa nimechoka. Nikafikiri juu yako na goti lako. Nikasema, "Bwana, nina mke na binti mmoja. Hao wengine walikula tu."

Akaniambia nenda.

Kwa hiyo nimelisema neno lako. Lilitoka jepesi kuliko nilivyoogopa, na sikufa. Nilipotoka nje nilikaa chini ya ukuta wa boma nikacheka mpaka mlinzi akanifukuza.

Shafii alikuwa ufukweni tena. Safari hii tulisalimiana mbele za watu. Mji umeona. Sijui vyama vitaendeleaje.

Nilitaka kukuuliza jambo dogo. Watu sitini na wawili wamesema si wangu, tena kwa sauti. Wewe hukuulizwa, ulikuwa mbali. Je, namba moja bado yupo?

Ndugu yako,
Asmani

Pembe ya mwandishi: Kiti kimerudi na miguu mitatu. Karani wa boma alikikalia kwa kishindo siku karatasi mpya ilipofika. Juu ya kiti zililetwa sahani mbili za bluu, zimeoshwa, zimefungwa kwa kitambaa. Ya yule aliyehama imeletwa, na sasa Zena anakosa moja tu katika tisini na moja, ukiondoa ile iliyovunjika. Anasema unaijua iko wapi.


Ujiji, mwezi wa tano, tarehe 20, 1909

Mdogo wangu Asmani,

Nimelia, nimeswali, nimemwambia kila mtu wa mtaa huu kwamba umetoka. Goti halinipi shida tangu juzi.

Umeuliza, nami nitakujibu bila kukuficha. Mimi ni wa Jumanne. Nimekuwa wa Jumanne tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu chumvi yangu ikiondoka hapa Ijumaa inafika kwenu Jumatatu, na ikingoja mpaka Alhamisi inalowa. Hukuniuliza ulipoandika, na mimi sikukuambia kwa sababu ulikuwa umefurahi.

Lakini niache hapohapo namba moja. Mtu anaweza kuwa wa Jumanne na akawa wako.

Sahani ya Zena inakuja na barua hii, imeoshwa. Ndani yake kuna tende za pwani, haipendezi kurudisha sahani tupu.

Na sasa nieleze, kwa kuwa nina mifuko kumi na minne ya chumvi tayari na wapiga kasia wanauliza. Baada ya mambo yote haya, Bwana Mkubwa ameamua siku gani? Niilete chumvi ikutane na Jumanne, au na Alhamisi?

Dada yako,
Mwamini


Rumonge, mwezi wa sita, tarehe 1, 1909

Bibi Mwamini,

Asmani ameniomba nikujibu mimi, yeye yuko nyuma ya nyumba ya Shafii, wanacheza bao. Sahani imefika, zimetimia. Tende tumegawana.

Kuhusu chumvi, ilete siku yoyote. Soko la Rumonge ni la kila siku, tangu mwaka juzi.

Hamissi, fundi